Mmefunga choo, mmeng'oa mabenchi, sasa mnatoza faini. Hilo ndilo suluhisho?

Wakuu, mnivumilie, leo nimechafukwa.

Halmashauri imebandika mabango kila kona katikati ya mji. Marufuku kunywa pombe hadharani, marufuku kukojoa ovyo, marufuku kuombaomba, marufuku kukaa "bila shughuli maalumu". Ukikamatwa, faini papo hapo. Mlevi anayetukana wapita njia na kuvuta mikono ya dada za watu simtetei. Ashughulikiwe, tena haraka! Sisi ndio tunaopishana naye usiku, hao waliotunga amri saa 11 jioni wameshafika kwao.

Kinachonikera ni choo. Choo cha umma kimepigwa kufuli, eti gharama za kukiendesha. Vilivyobaki ni vya ndani ya maduka na mahoteli, na ukiingia bila kununua kitu mlinzi anakuangalia kama kibaka. Halafu halmashauri hiyohiyo iliyofunga choo ndiyo inayokutoza faini ukibanwa. Haya, kijana atajibanza nyuma ya ukuta. Mjamzito je? Mzee mwenye kisukari? Anayeshinda barabarani akitafuta riziki tangu alfajiri? Hao nao wahuni?

Mabenchi yameng'olewa kwa sababu walevi walikuwa wanayalalia. Walevi wamehamia mtaa wa pili, wanaendelea kama kawaida, na ripoti itaandikwa kwamba eneo limetulia. Aliyekosa pa kukaa ni bibi aliyebeba mizigo yake.

Najua huu ujanja umetoka wapi. London, eneo la Camden, mwaka 2012 waliweka benchi la zege lenye miinuko na miteremko, makusudi mtu asiweze kulala. Uingereza hukohuko kuna kifaa kinachotoa mlio mkali, mwembamba sana (takriban kilohezi 17), kufukuza vijana wanaokusanyika nje ya maduka. Ukishavuka miaka 25 au zaidi kidogo kwa kawaida huusikii. Sasa mtoto mchanga anayepitishwa hapo anausikia vilevile, ila hana pa kulalamika. Subirini, na hicho kitaletwa tuambiwe ni ubunifu.

Na hizi faini. Kule England na Wales sheria ya 2014 iliziruhusu halmashauri kutoa amri za kulinda maeneo ya umma: iliweka faini ya papo hapo isiyozidi pauni 100, na ukifikishwa mahakamani iliweza kufika pauni 1,000. Zikaanza kuwaangukia hata wanaolala nje, mpaka mwaka 2017 serikali ikaandika kwenye mwongozo wake kwamba amri hizo zisimlenge mtu kwa sababu tu hana makazi. Ilihitaji kuandikwa! Mtu analala juu ya boksi, pauni 100 anaitoa wapi? Kuna halmashauri kule zimekabidhi kazi ya kutoza faini kwa kampuni binafsi zinazolipwa kulingana na idadi ya faini. Hapo hata mimi ningemwacha mwenye kisu nikamkimbilia aliyeangusha kichungi cha sigara. Huyo ana kitambulisho, ana adabu, na atalipa.

Ndicho ninachokiona mjini kwetu. Askari wa halmashauri wamejaa saa 4 asubuhi, wawili wawili, vitabu vya faini mkononi. Fujo zinaanza baa zikifunga, na muda huo hata kivuli chao hukioni.

Halmashauri ifungue choo, kibaki wazi mpaka usiku. Irudishe mabenchi, iwashe taa za barabarani zilizokufa, na zamu za hao askari zihamie usiku. Pia itutangazie fedha za faini zimefika ngapi na zimelipia nini, maana kama zingetumika kwenye choo, kufuli lile lisingekuwepo.

Kuna yeyote humu amewahi kumuona askari wao hata mmoja usiku wa Ijumaa? Aseme ni mtaa gani, nami nihamie huko.