Kompyuta ikimtaja mtu, polisi wamkamate kwa hilo tu?

Wakuu habari zenu, naomba tujadili hili kwa utulivu maana jana grupu la mtaani kwetu halikulala. Kuna mdau kaandika kwamba polisi wapewe akili mnemba ya kutambua sura bila masharti yoyote, asiye na kosa anaogopa nini. Namjibu hapa kwa kirefu.

Robert Williams wa Farmington Hills, pembeni ya Detroit, Marekani, hakuwa na kosa. Mwaka 2018 mtu aliiba saa 5 dukani, thamani yake dola 3,800, kamera ikamnasa lakini picha yenyewe hafifu na jamaa kavaa kofia. Polisi wakaiingiza kwenye programu ya kutambua sura ikawaletea picha ya leseni ya udereva ya zamani ya Williams. Sasa kilichofuata ndo kinachoniuma zaidi, wakaichukua ile picha wakaichanganya na za watu wengine 5 wakamwonyesha mtu wa ulinzi ambaye siku ya wizi hata dukani hakuwepo, aliangalia video tu kama wao, naye akamnyooshea kidole Williams, basi tayari kuna shahidi! Januari 2020 wakampiga pingu nje kwake mkewe na mabinti zake wadogo wawili wakiangalia, akakaa ndani masaa kama 30. Walipomwonyesha picha ya mwizi akaiweka pembeni ya uso wake, ikaonekana wazi sio yeye.

Kumbukeni ile programu haisemi "huyu ndiye", inaleta orodha ya wanaofanana. Mwaka 2019 NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na vipimo na viwango, iliwapima watengenezaji wengi ikakuta makosa ya kufananisha watu wawili tofauti yako juu sana kwa baadhi ya watu, mara 10 hadi 100 zaidi ya wengine, na sura zilizokosewa sana zilikuwemo za Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Afrika Mashariki ndo sisi jamani. Hizi programu zikinunuliwa nje zikaja kufungwa huku, nani amezipima kwa sura zetu?

Na picha zetu tayari zipo. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa hapa Tanzania, ina sura na alama za vidole, laini za simu tumesajili kwa kidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, imeanza kutumika Mei 2023, ila kwenye kuzuia na kugundua uhalifu imeacha mlango wazi, na hapo ndo nataka pawekwe komeo.

Sisemi ipigwe marufuku kama San Francisco walivyofanya 2019. Mtoto akipotea au maiti isiyojulikana ikiokotwa, itumike hata leo. Ninachotaka ni walichokubali polisi wa Detroit mwaka 2024 walipomalizana na Williams, akalipwa dola 300,000: hakuna kukamata mtu kwa sababu tu programu imemtaja, na hakuna kuichomoa picha ya mtu huyo kwenye programu ukaipeleka moja kwa moja kwa shahidi, lazima kwanza kuwe na ushahidi mwingine. Mimi naongeza la tatu, mtuhumiwa na wakili wake waambiwe kabisa kwamba chanzo ni kompyuta. Asipoambiwa atabisha nini mahakamani?

Kaka yangu aliwahi kulala mahabusu siku 2 kwa kufanana jina tu na mtu anayetafutwa, hiyo ni karatasi na kalamu. Aliyemtoa ni mpelelezi mmoja muungwana aliyekubali kulisoma jalada upya. Je angeambiwa kompyuta imesema, angethubutu?

NYONGEZA: Mkuu hapo chini unasema nawafunga polisi mikono na majambazi watatamba. Hapana ndugu yangu. Msiri akipiga simu kituoni akataja jina, mpelelezi mzuri haendi kukamata hapo hapo, anafuatilia huyo mtu siku hiyo alikuwa wapi, simu yake ilisoma mnara gani, mali iko wapi. Na jibu la kompyuta lichukuliwe hivyo hivyo, kama simu ya msiri. Yule mwizi wa saa za Detroit alikuwa huru muda wote ambao Williams yuko ndani.

Mawakili na mliowahi kufanya upelelezi nawaomba mchangie: kumbukumbu ya kila picha inayoingizwa kwenye programu akae nayo nani, polisi wenyewe au mahakama?