Naomba ushauri: hukumu ya talaka ya Texas kutumika nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Niko Houston, natarajia kufunga ndoa Tanga, na mchungaji anataka nakala ya hukumu yangu ya talaka yenye muhuri.

Nilipanga foleni kwa karani wa kaunti. Kumbe yeye hutunza vyeti vya ndoa, hati za ardhi na mirathi. Talaka ziko kwa karani wa mahakama za wilaya, ofisi nyingine kabisa! Huko nimepata nakala, muhuri wa kubonyea unausikia ukipitisha kidole. Kuuliza kama Tanzania wataikubali, dada wa dirishani akasema makarani hawaruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria.

Mliopitia hili: ili nakala ithibitishwe, nianzie Austin kwa Katibu wa Jimbo, ndipo ubalozi wa Tanzania Washington? Na tafsiri nifanyie huku au huko?