Padi au kipanya na kibodi: kipi kinunuliwe kwanza kwa gemu za kompyuta?

Kijana wa Nkuhungu ameuliza:

Wakuu, habari za jioni, na shikamoo kwa wote walionizidi umri.

Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, pamoja na mdogo wangu anayesoma kidato cha pili. Kaka yetu ametuachia kompyuta yake mpakato, ambayo haina nguvu kubwa lakini inaendesha PES 2017 ya mpira, Euro Truck Simulator 2 ya kuendesha malori na, kwa michoro ya kiwango cha chini, Counter-Strike 2 ya kurushiana risasi. Hadi sasa tunatumia kibodi ya kompyuta yenyewe na ile sehemu yake ya kugusa kwa kidole, na katika kulenga shabaha hatufiki mbali. Nimeweka akiba ya shilingi 60,000 kwa ajili ya jambo hili, na nilivyouliza bei, zinatosha kitu kimoja tu: ama padi ya waya (kile kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili, chenye vijiti na vitufe), ama kipanya cha gemu.

Ndugu yangu mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma anasema kwamba mtu anayecheza kwenye kompyuta kwa padi bado hajatoka kwenye banda la PlayStation, na kwamba mchezaji wa kweli hutumia kipanya na kibodi tu. Binamu yangu wa Singida, kwa upande wake, anasema mpira wa kibodi hawezi kuucheza hata alipwe. Ninaomba maelezo yenye sababu badala ya ushabiki. Tofauti halisi ya vifaa hivi iko wapi, na kwa gemu hizi tatu nianze na kipi? Ningependa pia kujua mambo ya kukagua dukani, kwa kuwa mzigo mwingi unaouzwa huku unatoka Kariakoo, na ukishaondoka na bidhaa si rahisi kuirudisha.

Fundi wa Makole amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza vizuri, nami nitaanza na kile ambacho kila kifaa kinaiambia kompyuta, kwa sababu tofauti nyingine zote zinatoka hapo.

Kipanya kinatuma umbali. Kihisi kilicho chini yake hupiga picha za uso wa meza mara nyingi mno kwa sekunde, huzilinganisha, kisha huiarifu kompyuta kwamba mkono umesogea kiasi hiki kulia na kiasi hiki mbele. Mkono ukisimama, alama ya kulengea nayo husimama papo hapo. Kijiti cha padi hakitumi umbali. Kinatuma kiasi ulichokilaza, na gemu hukichukua kiasi hicho kuwa kasi ya kugeuka. Ukitaka kumlenga mtu aliye kushoto kwako kwa kipanya, unasogeza mkono kwa urefu ambao misuli yako imeshauzoea, basi. Kwa kijiti unakilaza, unangoja mtazamo ugeuke, halafu unakiachia kwa wakati wake, na ukichelewa kidogo tu umeshampita. Ndiyo maana gemu nyingi za kurushiana risasi zinazokubali padi zimewekewa msaada wa kulenga, unaopunguza kasi ya mgeuko pale alama inapomkaribia adui. Valorant, gemu nyingine ya kurushiana risasi, ilipofika kwenye PlayStation 5 na Xbox Series mwaka 2024, wachezaji wa mashine hizo hawakuchanganywa na wa kompyuta katika mechi, na anayefahamu jinsi vifaa hivi viwili vinavyofanya kazi hatashangaa.

Sasa geukia kibodi. Kitufe cha kibodi kinajua hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Kwenye padi inayofuata mfumo wa Xbox, kifyatulio cha nyuma hutoa thamani kuanzia 0 hadi 255, na kila mhimili wa kijiti hutoa thamani kuanzia -32,768 hadi 32,767. Dereva wa lori mwenye padi anaweza kukanyaga mafuta robo, akaongeza polepole anapopanda mlima na kukata kona kwa kiasi anachotaka, ilhali mwenye kibodi anakanyaga mafuta yote au anaacha, na usukani wake unalainishwa na gemu kwa kukisia tu anataka nini. Katika mpira, vitufe vinne vya mwelekeo vinakupa pande 8, wakati kijiti kinakuzungusha duara zima.

Kwa hiyo, lori na mpira ni mahali pa padi, na Counter-Strike ni mahali pa kipanya. Suala la nani ni mchezaji wa kweli halina msingi. Hata huo mtindo wa kutembea kwa vitufe vya W, A, S, D na kulenga kwa kipanya haukuwa sheria tangu mwanzo. Katika miaka ya 1990 kila mchezaji alipanga vitufe alivyoona vinamfaa. Anayetajwa sana kuwa aliueneza ni Dennis Fong, aliyejulikana kama Thresh, ambaye mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake, gemu ya kurushiana risasi, na kuzawadiwa Ferrari ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa gemu hiyo. Watu waliufuata mtindo wake kwa sababu waliona unashinda. Kipimo hicho hicho ndicho unachopaswa kukitumia nyumbani kwako.

Kwa kuwa umesema ni kimoja tu, mimi ningeanza na kipanya. Mpira unaweza kuchezeka kwa kibodi uliyonayo, lakini Counter-Strike kwa sehemu ya kugusa haichezeki, tena kompyuta mpakato nyingi zimepangwa kupuuza mguso wakati vitufe vinabonyezwa ili kiganja kisisogeze kielekezi. Unapotembea kwa W huku ukitaka kulenga, kifaa chenyewe kinakukatalia.

Mpiga Kona amejibu:

Namshukuru Fundi kwa ufafanuzi, ila kwenye hitimisho lake ninatofautiana naye kwa heshima. Muuliza swali anaishi na mdogo wake. Akinunua padi, mmoja atashika padi na mwingine atabaki na kibodi, nao watacheza mechi pamoja jioni ileile. Akinunua kipanya, mmoja atacheza na mwingine atakaa kutazama. Katika nyumba yenye watoto wawili na kompyuta moja, jambo hilo kwangu lina uzito kuliko shabaha.

Kuhusu kibodi katika mpira, nisingependa idharauliwe kupita kiasi, kwa sababu hapa Dodoma nimeshuhudia vijana wa kibodi wakiwafunga watu wa padi bila huruma. PES ina msaada wa pasi unaochagua mpokeaji na kurekebisha mwelekeo, na msaada huo ukiwa umewashwa kwa kiwango cha juu, upungufu wa pande 8 hausikiki sana. Ukiuzima, na kila pasi ikaenda pale unapoielekeza mwenyewe, ndipo mtu wa kibodi anapoanza kuteseka, kwa kuwa nafasi iliyopo katikati ya pande mbili hawezi kuipata.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalijui na wanalilaumu gemu. Vitufe vya kibodi ya kawaida vimeunganishwa kwa safu na mistari, na baadhi ya mikusanyiko ya vitufe vitatu au vinne vinavyobonyezwa kwa pamoja haisomwi, kwa sababu mzunguko hauwezi kutofautisha ni kipi kimebonyezwa kweli. Mshambuliaji anayekimbia kwa mshazari tayari anashikilia vitufe vitatu: viwili vya mwelekeo na kimoja cha mbio. Akiongeza cha kupiga shuti, mpira hautoki mguuni. Kupima ni rahisi. Fungua programu yoyote ya kuandikia, shikilia W na D kwa pamoja, kisha bonyeza herufi nyingine moja baada ya nyingine. Herufi isiyotokea kwenye kioo usiipangie kazi ya kupiga shuti.

Dada wa Kisasa amejibu:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mchezaji wa Euro Truck kwa miaka mingi, na nina la kuongeza kwa kaka yetu wa Nkuhungu kabla hajalazimika kuchagua upande.

Ukimsoma Fundi kwa makini utaona kwamba ubora wa kipanya katika kulenga unatokana na aina ya kifaa, yaani kutuma umbali, na sifa hiyo ipo hata kwenye kipanya cha waya cha ofisini kinachouzwa kwa bei ndogo kuliko padi yoyote ya maana. Kipanya cha kawaida huiarifu kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Cha gemu huiarifu mara 1,000, yaani kila milisekunde 1. Tofauti hiyo ni ya kweli, na watu wanaoshindania fedha wana haki ya kuijali, lakini kwa mtu anayetoka kwenye sehemu ya kugusa hiyo siyo inayomkosesha shabaha. Kwa hiyo nakushauri uachane kabisa na kipanya chenye taa na vitufe vingi, uchukue cha ofisini, na fedha zote zinazobaki uziweke kwenye padi. Vyote viwili utavipata. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows, uzime ile sehemu inayoongeza kasi ya kielekezi kadiri mkono unavyokwenda haraka, ili umbali uleule wa mkono uzae mgeuko uleule kila wakati. Chukua pia kipande cha kitambaa kigumu au zulia jembamba la kuwekea kipanya, maana meza zetu zilizopakwa vanishi ya kung'aa huvichanganya vihisi vingi.

Kwa upande wa lori, padi imenisaidia zaidi mwilini kuliko kwenye mchezo wenyewe. Safari ndefu kwa kibodi ya kompyuta mpakato inakulazimisha uiname juu ya mashine yenye joto, huku kifundo cha mkono kikiwa kimepinda kwa saa nzima. Kwa padi ninaegemea kiti, kompyuta inapata hewa, na mabega yanapumzika. Kwa mtoto wa kidato cha pili anayekua, naomba hilo lisichukuliwe kuwa dogo.

Kijana wa Nkuhungu amejibu:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Wazo la Dada limenifungua macho, kwa sababu nilikuwa nimelinganisha padi na kipanya cha gemu bila kufikiria kile cha kawaida. Nitafuata njia hiyo. Sasa naomba Fundi anisaidie kwenye padi: nitaitambuaje iliyo nzima, na je, nichukue ya waya au isiyo na waya?

Fundi wa Makole amejibu:

Dada amenizidi hoja, na ushauri wake ni bora kuliko wangu wa mwanzo. Nenda dukani na kompyuta yako, mdogo wangu, usiende mikono mitupu.

Kwanza, muulize muuzaji kama padi inafuata mfumo wa XInput, yaani njia ya padi kuwasiliana na kompyuta, ambao Microsoft iliuleta pamoja na Xbox 360 mwaka 2005. Gemu nyingi za kompyuta za tangu wakati huo zimeandikwa kwa mfumo huo, kwa hiyo padi itatambuliwa mara moja, vitufe vikiwa mahali pake. Padi nyingi za bei nafuu bado zinatumia mfumo wa zamani wa DirectInput, na nyingine zina swichi ndogo yenye herufi X na D ya kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Ya zamani si kwamba haifanyi kazi, kwani Steam, programu ya kununulia na kufungulia gemu, inaweza kuitafsiria gemu, na PES 2017 ina programu yake ya mipangilio ya kupangia vitufe, lakini itakuchosha kila unapoweka gemu mpya.

Pili, chomeka padi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua sifa za padi hiyo. Utaona alama ya msalaba inayoonyesha kijiti kilipo. Kizungushe polepole hadi ukingoni, kiachie, na uangalie kama kinarudi katikati. Rudia kwa kukisukuma kila upande na kukiachia ghafla. Alama ikibaki imeegemea upande mmoja, irudishe padi hiyo rafuni, kwa maana mchezaji wako atatembea mwenyewe uwanjani na lori litavuta kando.

Ugonjwa huo ndio ninaoutibu kila wiki hapa mezani kwangu, na Dodoma ina mazingira yanayouchochea. Ndani ya kijiti cha kawaida kuna ncha inayosugua juu ya utepe wa kaboni ili kupima mwinamo. Utepe huo huisha kwa matumizi, na vumbi letu la kiangazi, linaloanza mwezi Mei na kuendelea hadi mvua zinapokaribia mwishoni mwa mwaka, huingia kwenye shina la kijiti na kuharakisha uchakavu. Gemu nyingi zinakuruhusu kupanua eneo la katikati ambalo mwinamo wake hauhesabiwi, na hiyo huficha tatizo kwa muda, ila kila unapolipanua unapoteza miendo midogo ambayo ndiyo iliyokufanya ununue padi. Ukipata padi yenye vijiti vya sumaku, vinavyotumia kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, ichukue hata kama imezidi bei kidogo, kwa sababu sumaku na kihisi chake havigusani na hakuna kinachosuguliwa hadi kiishe. Kwa vyovyote vile, padi ikimaliza kazi ifunike kwa kitambaa au iweke kwenye mfuko wenye zipu. Isilale juu ya meza dirisha likiwa wazi.

Kuhusu waya, chukua ya waya. Inapata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe kupitia USB, kwa hiyo umeme wa mtaani ukikatika katikati ya mechi mtaendelea kwa betri ya kompyuta, bila kukumbuka kama padi ilichajiwa. Kagua tu pale waya unapoingia kwenye mwili wa padi: ushike, uupinde taratibu huku na huku wakati joy.cpl iko wazi, na kama padi inapotea na kurudi kwenye orodha, omba nyingine.