Rivolva ndogo ya .22: ukoko wa madini ya risasi (lead) kwenye koo la mtutu, unatolewaje?

Kibweta22
Wakuu, salaam. Nipo Ohio, Marekani. Nina rivolva ya .22 LR, chemba nane, silinda ya aloi ya alumini, mtutu wa chuma usiofika inchi mbili. Natumia risasi za bei ya chini, grein 40, zile ambazo kichwa hakijapakwa shaba. Baada ya boksi kadhaa, pale mtutu unapoanzia upande wa silinda kumejenga ukoko wa kijivu unaong'aa, na upande wa kushoto ni mnene kuliko kulia. Chemba mbili zinang'ang'ania maganda, na silinda inazunguka kwa uzito. Brashi ya nailoni na mafuta ya kusafishia silaha havijafua dafu. Nautoaje bila kuumiza chuma, na kwa nini umeelemea upande mmoja? Nawasilisha.

FundiMtutu
Mkuu, hayo ni matatizo matatu, usiyachanganye. Ukoko ni moja, maganda ni la pili, uzito wa silinda ni la tatu.

Ukoko kwanza. Mafuta ya kawaida yanalegeza masizi ya baruti, lakini madini ya risasi hayayeyushi. Hata dawa za amonia, zinazokula shaba, hazina habari nayo. Lazima yakwanguliwe, na nailoni haina meno ya kazi hiyo.

Hakikisha chemba zote nane ni tupu, risasi zipeleke chumba kingine. Fungua silinda, dondoshea koo la mtutu matone mawili matatu ya mafuta ya kupenya kama Kroil, uache usiku kucha. Mafuta yanajipenyeza kati ya ukoko na chuma, kwa hiyo asubuhi unabanduka vipande vipande badala ya kusagika unga.

Kisha chukua brashi ya bronzi ya .22, afadhali iliyokwisha chakaa, uizungushie nyuzi chache za Chore Boy, ile ya kusugulia sufuria. Iwe shaba tupu. Ijaribu kwa sumaku: ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hicho kitakuchorea mtutu. Nyuzi nne au tano zinatosha, ukizidisha brashi haitaingia kwenye tundu dogo hivyo. Ifunge kwenye kipande kifupi cha ufito, iingize kwenye koo kupitia dirisha la fremu, uizungushe kwa mkono mara kumi hivi. Futa, mulika kwa tochi, rudia. Utaona vichembe vya fedha kwenye kitambaa, kama pambo la kadi za sikukuu. Vikikoma na ukaona alama za mashine za kiwandani kwenye chuma, umemaliza.

Ndani ya mtutu mfupi kama huo mimi napendelea waya wa kuvuta kuliko ufito: unapita kutoka nyuma kwenda mbele, na mdomo wa mtutu hausuguliwi. Brashi ikishaingia usiigeuze njiani, ivute mpaka itoke yote, la sivyo nywele zake zinalala na hazifai tena.

Bisibisi, kisu na brashi ya chuma viweke mbali kabisa.

Mchanga_Moto
Kuna njia ya mkato: changanya siki na hidrojeni peroksaidi nusu kwa nusu, jaza mtutu, subiri dakika chache, madini yanatoka yakichemka. Au piga risasi chache zenye kichwa cha shaba mwishoni, zinakwangua zenyewe.

Daktari_wa_Chuma
Mchanga_Moto, hiyo ya kwanza isifanywe na mtu yeyote anayesoma hapa. Kweli madini yanatoka, ila yanatoka yakiwa asetati ya risasi, sumu inayoyeyuka kwenye maji. Madini magumu yaliyokaa mtutuni hayamdhuru mtu kirahisi. Ukishayageuza kimiminika, yapo kwenye vidole, kwenye sinki na kwenye kitambaa. Juu ya hapo mchanganyiko huo unavua rangi ya bluu ya chuma na kuacha madoa, na mwenzetu ana silinda ya alumini pembeni. Hapana.

Ya pili haiui mtu lakini haisaidii. Shaba ya risasi za .22 ni utando mwembamba juu ya madini laini yaleyale. Ikipita juu ya ukoko inaupiga pasi ukashikamana zaidi.

FundiMtutu
Naunga mkono. Sasa maganda kung'ang'ania. Chemba ni pana kidogo kuliko tundu la mtutu, kwa hiyo brashi ya .22 inapwaya humo. Tumia ya bronzi ya bunduki za milimita 6, ndiyo wengine huandika .243. Isukume huku ukiizungusha upande mmoja tu. Kwenye alumini nenda taratibu, bronzi pekee bila nyuzi za shaba. Ukiwa umepiga .22 Short humo, ganda lake fupi linaacha pete ya masizi mbele ya lilipoishia, na ganda refu la LR likija linajipachika kwenye pete hiyo.

Lakini kabla ya kusugua, angalia kwa kioo cha kukuzia ukingo wa zile chemba mbili, pale pini inapogonga. Kama kuna kovu limeinua chuma kuelekea ndani, kosa si uchafu. Hilo hutokea mtu akifyatua bila risasi: pini ya .22 hugonga ukingo wa ganda, ganda lisipokuwepo inagonga ukingo wa chemba. Zipo silaha za kisasa zilizoundwa zisifikie chuma, soma kitabu chake. Ukitaka mazoezi, wengi huweka plagi za plastiki za ukutani, zile ndogo za njano, au maganda yaliyotumika, wakiyageuza kidogo kila mara ili pini isiangukie shimo lilelile. Kovu likishakuwepo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kulirudisha, si ya tupa.

Uzito wa silinda: inua nyota inayosukuma maganda, tazama chini yake. Chembe tatu za baruti isiyoungua zinatosha kuibana silinda isizunguke. Mswaki mkavu, basi, usitie mafuta mengi hapo kwa sababu yanazishika chembe. Na unapotoa maganda elekeza mdomo wa mtutu juu, piga kitufe mara moja kwa nguvu, zile chembe zianguke chini zisiingie chini ya nyota.

Shabaha_Tulivu
Swali la upande mmoja limepitwa, na kwangu ndilo kubwa. Ukoko ukielemea upande, kichwa cha risasi kinaingia kooni kikiwa pembeni na kinanyolewa. Utasafisha kila wiki na utarudi palepale.

Kagua hivi. Silaha tupu, vuta nyundo polepole sana kwa kidole gumba, huku kidole kingine kikigusa silinda kwa wepesi ili iwe na mzigo kidogo. Kile kifungio cha chini kinatakiwa kiingie kwenye mtaro wa silinda kabla au sambamba na nyundo kukaa nyuma. Rudisha nyundo kwa kuishikilia, usiiachie. Fanya kwa chemba zote nane, weka alama ya kalamu kwenye zinazochelewa. Kama nyundo imefichwa ndani, vuta kifyatulio taratibu ukiwa umeweka maganda yaliyotumika.

Halafu pima mwanya kati ya silinda na mtutu kwa geji ya majani, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni kawaida. Ukizidi sana, madini na gesi hutoka pembeni, miwani ni lazima na mtu asisimame ubavuni mwako. Kwenye benchi unaweza kusimamisha karatasi nyeupe kila upande wa mwanya, vidole vikiwa mbali, upige chemba moja moja. Karatasi ya kushoto ikitoboka zaidi, na ni kwa chemba zilezile ulizotia alama, una jibu.

Fundi ana ufito wa kipimo unaopita mtutuni mpaka kwenye chemba, ukigonga ukingo anajua imehama kiasi gani. Kama chemba zote ziko sawa ila koo lina mikwaruzo, atalikata upya, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 11, na kulisawazisha. Usijaribu kwa drili ya nyumbani, ukuta wa mtutu mdogo ni mwembamba.

Kibweta22
Shukrani wakuu. Chembe za baruti zilikuwepo chini ya nyota, silinda sasa nyepesi. Makovu hayapo, ni pete ya masizi. Chemba tatu zinachelewa kufunga, nampelekea fundi. Mawili ya mwisho: nibadili risasi? Na ule weusi wa pete usoni mwa silinda, kile kitambaa cha manjano cha kuondoa madini kinafaa?

Shabaha_Tulivu
Zenye utando wa shaba zitapunguza, hazitamaliza. Za kasi kubwa sana usihangaike nazo, kwa mtutu huo baruti nyingi inaungulia nje. Nta iliyo juu ya kichwa usiifute, ndiyo kilainishi chenyewe, na kwenye .22 ipo nje kabisa kwa hiyo inaokota mchanga mfukoni. Boksi lisikae ndani ya gari juani, nta inayeyuka.

FundiMtutu
Kitambaa hicho kina dawa inayokwangua na kinavua rangi ya bluu pamoja na weusi. Kwenye alumini iliyopakwa usikiguse. Pete hiyo inarudi kwa risasi chache na haidhuru kitu. Futa kwa kitambaa cha mafuta, iache.

Daktari_wa_Chuma
Kibweta22, hata kiwashio cha .22 za kawaida kina madini ya risasi, si kichwa peke yake. Glavu za nitrili, meza isiwe ya jikoni, usipulize vumbi wala kutumia kompresa. Vitambaa viingie kwenye mfuko uliofungwa. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kubeba mtoto. Kwa watoto, CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, tangu 2021 inatumia mikrogramu 3.5 za madini hayo kwa desilita ya damu kama kiwango cha kuanza kufuatilia, na hicho ni kidogo sana.