Kutii amri za Mungu bila kuskia upendo moyoni, ni unafiki ama?

kijana_wa_spea: Wapendwa nisaidieni. Mimi nauza spea za magari hapa Kirinyaga Road na kuna kastoma wanataka uwaandikie risiti ya bei ya juu ndio wakadai pesa kwa kampuni yao. Mimi hukataa, na wengine huenda duka la pili. Sasa shida ni hii, siku mingi nikikataa siskii upendo wowote kwa Mungu, nakataa tu juu imeandikwa usiibe, moyo umekauka kabisa. Halafu Jumapili pasta akasoma Yohana 14:15, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu", nikabaki najiuliza, kama nashika amri na hiyo mapenzi siioni, inahesabika?

mama_kesha: Unafiki ni kuonyesha watu kitu haumaanishi. Wewe hapo dukani unaonyesha nani, huyo kastoma ameondoka na hasira? Soma 1 Yohana 5:3, "huku ndiko kumpenda Mungu, kwamba tuzishike amri zake". Mtoto akilia saa tisa usiku mama haamki juu ameskia mapenzi, anaamka na usingizi wake wote machoni anamnyonyesha, na hakuna mtu atasema hampendi. Endelea kukataa hizo risiti ndugu yangu.

msomaji_wa_neno: Mama kesha nakubali lakini si yote, kwa sababu kuna kutii kunaweza kumaliza mtu. Yule kaka mkubwa wa Luka 15 alimwambia babake hajawahi kosa amri yake, na bado alisimama nje akakataa kuingia kwa karamu ya ndugu yake. Na kanisa la Efeso kwa Ufunuo 2 walikuwa na kazi, walikuwa na subira, hata waliwajaribu mitume wa uongo wakawajua, bado wakaambiwa wameacha upendo wa kwanza. Kwa hivyo usidharau hiyo ukavu, inakuambia kitu. Lakini ona venye walijibiwa, hawakuambiwa waache kazi wangoje moyo upate moto, waliambiwa wakumbuke walikoanguka, watubu, wafanye matendo ya kwanza. Kukumbuka na kufanya zimewekwa pamoja.

dada_eastlands: Hapo kwa kukumbuka ndio nataka kuongezea. Watu hukariri amri kumi wakianzia "usiwe na miungu mingine", na kabla ya hapo Mungu ashasema kitu, Kutoka 20:2, "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Hakupeleka amri Misri awaambie wakizishika atawatoa. Aliwatoa kwanza, wakavuka bahari, wakala mana, ndio wakafika Sinai wakapewa. Sasa wewe kijana_wa_spea alikutoa wapi? Hilo swali jibu ukiwa peke yako asubuhi kabla ufungue duka, jibu na majina ya mahali na watu kabisa, ndio uende ukatae risiti. Mimi sikuahidi utaskia kitu siku hiyo hiyo.

kijana_wa_spea: Asanteni sana. Hiyo mstari wa pili nimeisoma mara mingi na nilikuwa naipita tu nikienda kwa amri zenyewe. Kuna mmoja amesema atarudi Jumatatu, anataka risiti ya elfu nane kwa kitu ya elfu tano, na ni kastoma mkubwa. Niombeeni.

mama_kesha: Jumatatu asubuhi tuko na wewe.