Mkonge uliozaliwa Amani unavunwa Uchina, sisi dizeli ya jenereta ya maabara imetushinda

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nafanya kazi maabara kwenye kituo kimoja cha utafiti wa kilimo, sikitaji. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta ipo, nzima kabisa, ila tangi kavu, kwa sababu dizeli hununuliwa kwa fedha za OC, yaani za matumizi ya kawaida kutoka serikalini, na OC haijaingia. Jumatatu asubuhi tukafungua jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, maji yanachuruzika. Sampuli za majani ya muhogo za misimu mitatu, tulizokusanya kwa pikipiki kuanzia Muheza hadi Lindi, zote zimeoza. Wakulima walituachia mashamba yao tuchume majani bila kudai hata shilingi. Nimewapigia baadhi yao kuwaeleza. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, lile jibu letu ndiyo basi tena?" Sikuwa na la kumwambia.

Asiyelima muhogo huenda haelewi. Michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi tuliokuwa tunausoma kwenye sampuli hizo, ni wa kikatili: shamba kwa juu linapendeza, unang'oa, unakata, ndani kumeoza. Mwaka mzima umepalilia chakula kisicholika. Ugonjwa huu aliueleza kwa mara ya kwanza mtafiti H. H. Storey mwaka 1936, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanga. Yeye na wenzake walitumia miaka mingi kupandanisha muhogo na jamaa yake anayetoa mpira, na kazi hiyo ndiyo iliyotupa Namikonga, ambayo ndugu zetu wa Pwani ya Kenya wanaiita Kaleso. Mpaka leo ni miongoni mwa mbegu zinazostahimili michirizi vizuri kuliko nyingi. Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria, zikawa mababu wa mbegu za IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo kule Ibadan. Nigeria leo ndiyo inayoongoza dunia kwa kuzalisha muhogo.

Na mkonge je? Hapa ndipo damu inaponichemka. Chotara namba 11648 ni zao la utafiti ulioanzia Amani na kuendelezwa Mlingano, mkoa wa Tanga. Mkonge wa kawaida unatoa majani 200 na kitu maisha yake yote, huyu anapita 600. Wachina wakamchukua miaka ya 1960, wakaweka watafiti wao juu yake, na sasa ndiye mkonge mkuu kwenye mashamba yao ya Guangxi na Guangdong. Sisi mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Leo hatufikii hata 100,000. Najua nyuzi za plastiki ziliua bei, najua na mambo ya utaifishaji. Lakini waliochukua mche wetu waliendelea kuusoma. Sisi tuliacha.

Sasa niambieni, chotara kama huyo angepatikana kwa mradi wa wafadhili wa miaka mitatu? Mkonge unatoa mlingoti wa maua mara moja tu, kisha unakufa. Ukitaka kupandanisha unasubiri miaka mpaka uchanue, halafu unasubiri tena watoto wake wakue. Hakuna mfadhili wa kulipia hilo, na siwalaumu, fedha ni zao na wana maswali yao. Mradi ukifungwa, kijana tuliyemfundisha kusoma vinasaba vya virusi anarudi mtaani kuuza vocha. Nimeshuhudia hilo mara mbili. Utafiti wa msingi, wa kuuliza tu kirusi kinaingiaje kwenye chembe ya mmea na kwa nini Namikonga inakigomea, hauna mlipaji mwingine zaidi ya serikali.

Na serikali iliahidi. Nchi za Afrika zilikubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti tangu Mpango wa Lagos, mwaka 1980. Rais Kikwete naye akaahidi asilimia hiyo hiyo. Hatujaifikia. Majirani zetu Kenya wameandika kabisa asilimia 2 kwenye sheria yao ya mwaka 2013, na watafiti wao wanalia kama sisi.

Atakuja mtu hapa kusema nchi bado maskini, tununue teknolojia iliyokwisha tengenezwa. Ununue wapi, ndugu yangu? Hakuna maabara Korea inayohangaika na nzi weupe wa Mkinga, hao wanaoeneza michirizi. Ugonjwa ni wetu, shamba ni letu, tusipousoma sisi hautasomwa kwa wakati tunaouhitaji. Uganda uliwaibukia upya mwaka 2004, ukasambaa mashamba kwa mashamba.

Wabunge wa Tanga, Lindi na Mtwara, bunge la bajeti likikaa msiulize utafiti umetengewa shilingi ngapi. Ulizeni Hazina imetoa shilingi ngapi, kwa kituo gani, mwezi gani. Fedha iliyopitishwa haiwashi jokofu. Tena dai hili mlipeleke kwa maandishi: vituo vyote vyenye sampuli vipewe kasma (fungu la bajeti) yao ya umeme na mafuta isiyoguswa na posho wala semina.

Msimu wa kuchuma majani unaanza tena baada ya vuli. Nitarudi kwa yule mama kumwomba shamba lake kwa mara ya pili, na jokofu letu halina uhakika wa umeme hata leo.