Jamaa wa Langoni, Lamu: Kompyuta ya Harusi

*Alhamisi asubuhi*

Khalati Maimuna: Asalaam alaykum jamaa. Kompyuta imekataa kuwaka. Stima ilipotea jana usiku, iliporudi mashine haikurudi nayo. Na orodha ya harusi imo humo humo.

Ami Bakari: Wa alaykum salaam. Ile ya watu 312?

Khalati Maimuna: Hiyo hiyo. Na michango yote, nani katoa nini.

Rukia: Ma' si nilikwambia uitume na kwenye simu 🙈

Khalati Maimuna: Rukia, si sasa.

Shee: Nimtie punda matandiko niipeleke gatini? Iende na boti ya Mokowe mpaka kwa Athman.

Athman Mombasa: Shee, ngoja kwanza. Mara ya mwisho kompyuta ilipopanda punda ilifika na skrubu zikicheza ndani kama kayamba. Khalati, ukibonyeza haifanyi kitu kabisa, au yavuma?

Khalati Maimuna: Yavuma. Feni yazunguka, taa ya sipiyu yawaka. Monita ndiyo giza.

Athman Mombasa: Alhamdulillahi. Basi stima yafika ndani. Ingekuwa kimya kabisa ningekutuma kwenye soketi, ekstensheni na fyuzi ya plagi. Taa ya monita rangi gani?

Khalati Maimuna: Ya chungwa.

Athman Mombasa: Monita nzima, yasubiri kuletewa picha tu. Kebo ya nyuma haikulegea?

Rukia: Nimeichomoa nikaichomeka upya. Hola.

Khalati Maimuna: Jirani keshaniitia fundi mapema. Kasimama mlangoni, kasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, nitoe 9,500 au ninunue nyengine.

Athman Mombasa: Aliifungua?

Khalati Maimuna: Hakuigusa.

Ami Bakari: Huyo ni tabibu wa kupima homa kwa kutazama paa la nyumba 😂 Mimi redio yangu ikigoma huitia kofi moja, husema yote.

Athman Mombasa: Ami tafadhali, hapa pasipigwe mtu. Rukia, izime, uiwashe tena, usogeze simu karibu urikodi. Nataka kusikia kama yalia.

Rukia: [Sauti 0:19]

Rukia: Hao nyuma ni kuku wa jirani, msiwahesabu

Athman Mombasa: Nimesikia. Tiiii, yanyamaza, tiiii, haikomi. Kila kampuni ina milio yake, siwezi kuapa, lakini mlio mrefu unaojirudia hivyo mara nyingi ni ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine. Mashine ikiamka hujipima yenyewe kabla haijaleta picha. Isipoiona ramu haina pa kuandika, hata kusema "naumwa" haiwezi, ndiyo maana hulia.

Khalati Maimuna: Na orodha yangu?

Athman Mombasa: Orodha iko kwenye hadi diski, ni kifaa chengine. Hata hiyo madabodi ingekufa kweli, diski yachomolewa ikasomwa kwenye mashine nyengine. Tulia Khalati.

Khalati Maimuna: Sasa ndiyo nakunywa chai.

Ami Bakari: Lakini jana mchana si ilikuwa yafanya kazi? Imeharibikaje yenyewe?

Athman Mombasa: Hapo nyumbani haizimwi, Ami, hulazwa tu. Pengine ina miezi haijaanza upya. Stima ilipokatika ikalazimika kuamka kutoka sifuri. Rukia una bisibisi?

Rukia: Ya cherehani ya Ma'.

Athman Mombasa: Yatosha. Chomoa waya wa stima ukutani kabisa. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukihesabu mpaka 15, umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu. Shika chuma cha kasha la sipiyu kabla hujagusa kingine, mwili una umeme wake mdogo. Na lile sanduku la chuma unakoingia waya wa stima USILIFUNGUE, lile huweka umeme hata likichomolewa.

Rukia: [Picha]

Rukia: Astaghfirullah. Vumbi kama unga wa mtama. Na mjusi. Mkavu kabisa, mkia umezunguka feni ndogo

Shee: Madabodi imekufa au mjusi kafa, fundi hakufafanua 😂😂

Athman Mombasa: 😂 Mtoe kwa brashi ya rangi, polepole. Kompyuta mmeiweka wapi?

Khalati Maimuna: Dirishani, panapoingia upepo. Si mulisema isipate joto?

Athman Mombasa: Upepo wa baharini, Khalati! Kusi yote hii ya mwaka imekuwa ikivuta chumvi humo ndani. Chumvi hunywa unyevu wa hewa, mashine ikilala yakaa majimaji. Rukia, ramu ni zile kadi mbili nyembamba zilizosimama. Bonyeza vibano vya ncha zote mbili, zitapanda zenyewe. Shika kingo, usiguse meno ya dhahabu.

Rukia: [Picha]

Rukia: Moja safi. Ya pili meno yake yamefanya weusi, kama bangili iliyooshewa samaki

Athman Mombasa: Ndiyo hiyo. Chukua raba nyeupe ya penseli, si ile ya buluu ya kufuta wino, ile inakwangua. Sugua meno upande mmoja, geuza, upande wa pili. Wala si nguvu, ni kama unafuta jina. Vumbi la raba ulipeperushe lote kabla ya kurudisha.

Rukia: Zang'ara sasa

Athman Mombasa: Rudisha moja tu kwanza, ile iliyokuwa safi. Kuna pengo karibu na katikati, lilingane na kibonge cha tundu, vinginevyo umeigeuza. Bonyeza mpaka isikike TA, mara mbili, kila upande.

Rukia: Ta. Ta.

Athman Mombasa: Washa.

*(dakika nne)*

Athman Mombasa: Rukia?

Ami Bakari: Mbona mumenyamaza?

Khalati Maimuna: IMEWAKA. Wallahi imewaka. Maandishi meupe, yataka tubonyeze F1.

Rukia: Nimezima nikatia na ya pili. Yawaka pia! Ila yasema leo ni tarehe 1 Januari 2010, na kila tovuti yakataa kufunguka, ati si salama

Athman Mombasa: Hiyo ni betri ya saa imekwisha. Stima ikiwepo huwezi kujua, ikikatika tu mashine yasahau siku. Tovuti nazo zina vyeti vyenye tarehe, ikiwa mashine iko 2010 vyote vyaonekana vya uongo. Rekebisha tarehe kwa mkono. Halafu Shee apite duka la saa aulize CR2032. Ni ya volti 3. Upana milimita 20, unene 3.2, ndiyo maana ya namba. Waya ukiwa umechomolewa ndipo ibadilishwe, upande wa alama ya kujumlisha uangalie juu.

Shee: Hiyo hata punda haihitaji.

Athman Mombasa: Na kabla ya lolote, Rukia, orodha iende kwenye flashi NA kwa simu ya Ami.

Ami Bakari: Imefika. 312.

Khalati Maimuna: Ngojeni, Bibi ataka kusema. Tangu asubuhi kakaa dakani na tasbihi, nilidhani yuasoma uradi.

Khalati Maimuna: [Sauti 2:47]

Rukia: Kwa walio kazini, Bibi asema: "Hizo zombo zenu zilipolala mimi nimehesabu kwa kitwa, nyumba moya moya, tangu Mkomani hata Shela. Ni watu 318. Wale sita wa Matondoni, wenye kutufumia mikeka, mumewawata."

Ami Bakari: Natafuta kwenye orodha... kweli hawamo.

Khalati Maimuna: Ya Rabbi. Shee, ukishanunua betri usirudi nyumbani. Nenda Matondoni.

Shee: Kumbe punda ana kazi 🫏